Kuku wa Cherop

Tangu turudi mmeniuliza mmoja mmoja, wengine sokoni, wengine mlangoni mwa msikiti, wengine kwa simu mkiwa mmeshaambiwa na mtu mwingine. Mama Shamim amesikia kwamba Salha alipotea mlimani. Hakupotea. Mwingine amesikia nilimpeleka kwa mganga. Sikumpeleka. Tulikwenda kula kuku. Nikisema hivyo mnacheka, kwa hivyo nimeona niandike yote mara moja, ingawa nusu yake bado sijaielewa, ili msomeane na mniache nikaange samosa zangu kwa amani.

Kwa asiyemjua vizuri, Salha ni binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na mitano. Hospitali walituandikia kwamba ana usonji. Majirani nao waliandika yao. Mimi huwaeleza watu hivi: kelele humuumiza, kuguswa hataki, na neno ukimwambia hulichukua lilivyo, hulihifadhi, na siku yake ikifika hulitoa. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, na amejifunza kumuaga kwa kusema "naenda", basi, bila kutaja siku ya kurudi.

Cherop mnamkumbuka, yule msichana mrefu mwenye mwanya aliyekuwa akifanya kazi kwa jirani yangu hapa Kibomet, Kitale. Kila alasiri kazi zikiisha alikuja barazani kwangu na ungo wa maharagwe, akakaa na Salha wakachambua. Hawakuongea. Saa nzima ilipita hivyo. Nilikuwa nikimwona Salha akisogeza ungo kidogo ili Cherop aufikie, na kwa Salha hayo ni mapenzi makubwa. Hakuwa na rafiki mwingine.

Mwezi wa nne mama yake Cherop aliugua, akaitwa nyumbani, akapata nafasi kwenye lori lililokuwa linarudi mlimani. Salha alishika mpini wa mlango wa lori asiachilie. Dereva anapiga honi, Salha analia kwa ile sauti yake mnayoijua, watu wamejaa kutazama. Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni langu. Nilisogea dirishani nikamnong'oneza Cherop, "Mwambie chochote. Mwambie aje kwenu utamchinjia kuku. Sema tu aachilie." Cherop akasema kwa sauti, "Salha, mvua ikiisha uje kwetu, nitakuchinjia kuku." Salha akaachilia papo hapo, akapangusa mikono kwenye dera, akaingia ndani.

Si sote husema hivyo? Karibuni siku moja. Tutakuja kuwaona. Ni maneno ya kufungia mlango polepole ili usimbane mtu vidole. Hakuna anayeyafuata hadi kwa aliyeyasema.

Mvua za Kitale mnazijua. Ilinyesha mpaka mwezi wa kumi na moja, na kila asubuhi Salha alitoka kutazama juu. Zilipopita siku kumi bila tone, alifunga begi lake la shule: nguo mbili, sabuni, na vile vya kuziba masikio vya mafundi wa mbao alivyonunuliwa na baba yake. Akasimama getini. Nikamwambia kesho. Kesho yake akasimama tena. Siku ya tatu hakula. Namba ya Cherop nilikuwa nayo, lakini kila nilipopiga haikupatikana. Jirani aliyekuwa amemwajiri alijua tu kwamba kwao ni Kapsokwony, basi tukaondoka kwenda huko. Safari nzima niliogopa jambo moja: kwamba tungefika, Cherop atushangae, acheke, aseme alikuwa anatania, na Salha ajue kuwa hata yule mmoja hakuwa rafiki. Na maneno yenyewe niliyatunga mimi.

Stejini Kitale

"Ingia mama, tunatoka sasa hivi," alisema dereva wa probox ya Kimilili, kijana mnene mwenye kofia ya sufu.

Tukaingia. Salha alikaa mbele, masikio yameshazibwa. Baada ya muda akamgeukia dereva. "Sasa hivi imefika?"

"Bado kidogo, siste. Nangoja watu wawili tu."

Wakaja wawili. Dereva akashuka akaenda kunywa chai. Salha naye akashuka, akamfuata hadi kibandani. "Umesema watu wawili. Wamekuja wawili."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Ati huyu ni polisi ama ni nani?" dereva akauliza. Mimi niko nyuma, naomba radhi, "mwacheni tu, ndivyo alivyo," yale maneno ambayo nimeyasema mpaka ulimi umeota sugu. Ndipo mama mmoja aliyekuwa ndani ya gari na ndoo ya maziwa mapajani akatoa kichwa dirishani. "Kwani msichana amekosea wapi? Si ni wewe ulisema sasa hivi? Mimi nimekaa hapa mpaka maziwa imeanza kulala, inaganda!" Abiria wakaanza kufungua milango. Dereva alikuja mbio, chai bado mkononi, akawasha gari.

Sijapata kuona probox ikitoka Kitale ikiwa na nafasi. Abiria walimpongeza Salha njia nzima naye hakuwajibu, na mimi sikujua nijivune au nijifunike leso.

Kapsokwony

Kimilili tulichukua bodaboda mbili, maana Salha hawezi kubanwa katikati ya watu. Dereva wangu alikuwa Mbukusu mchangamfu. "Mama, usiogope. Hii balabala mimi hupanda kila siku. Hata jeneza nimeshabeba." Hilo halikunituliza hata kidogo. Salha alikataa kumshika dereva wake kiunoni, akashika chuma cha nyuma, na kila kona nilimwona akiinama peke yake pale mbele yangu. Nilisoma kila dua ninayoijua, nikarudia.

Alipokanyaga tu chini Kapsokwony, tone likamwangukia mkononi. Akalitazama. Likaja la pili.

"Mvua haijaisha," akasema. "Tumekuja mapema. Turudi."

"Hayo ni manyunyu, Salha."

"Manyunyu ni mvua."

Akakaa kwenye kibaraza cha duka, akakumbatia begi lake. Niwaambie ukweli, nilifurahi. Nilijiona nimeokoka. Mwenyewe amesema turudi, basi turudi, Cherop asionekane, ahadi ibaki nzima na aibu yangu ibaki imefunikwa. Kisha nikakumbuka kwamba mvua ingeisha tena, na begi lingefungwa tena, na mimi ningekuwa pale pale na kosa langu. Nikabaki nimesimama kwenye baridi nisijue ninaomba nini.

Jirani na duka hilo palikuwa na mama wa makamo aliyevaa kabuti la mwanamume, anauza chai na viazi vya kukaanga. Alikuwa ametutazama muda mrefu. Alileta vikombe viwili bila kuulizwa, cha Salha akakiweka chini karibu naye badala ya kumpa mkononi. "Kwani ni nini?" akaniuliza. Nikamweleza ahadi ya kuku na mvua, na kwamba tunamtafuta Cherop.

"Cherop gani? Huku ukiita Cherop barabarani wanageuka kumi."

"Mrefu, ana mwanya. Alikuwa anafanya kazi Kitale. Mama yake anaumwa."

"Aaa, huyo. Mama yake alipelekwa kwa dada yake Cheptais. Cherop ako huko, anauza kitunguu sokoni. Huku hayuko, mama."

Nami nikakaa kwenye kibaraza. Yule mama akachuchumaa mbele ya Salha, mbali kidogo, mikono ameifumbata ndani ya kabuti. Salha akainua kifuniko cha sikio moja.

"Huyo Cherop alikuambia hiyo maneno ya mvua akiwa wapi?"

"Kitale."

"Sasa si alikuwa anasema mvua ya Kitale? Ya huku haiishagi. Hakuna mtu wa huku anaweza kukuambia ungoje hiyo, utazeeka."

Salha alifikiri hadi chai ikapoa. Kisha akainywa yote, akasimama, akavaa begi. "Mvua ya Kitale imeisha," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Miaka kumi na mitano nimeishi na mtoto huyu, na mgeni wa kikombe kimoja cha chai anamjibu vizuri kuliko mimi. Niliona wivu. Nilimshukuru yule mama, akakataa kulipwa, nami bado nikaona wivu.

Yule wangu wa bodaboda, aliyekuwa bado anangoja abiria, aliapa kwamba njia ya juu ya kwenda Cheptais haipitiki. "Imehalibika, mama. Lolli imelala huko tangu jana." Ikabidi tushuke tuzunguke chini. Jua lilikuwa limeshainama, na kwa kuwa mume wangu ana dada Bungoma, nikaamua tulale huko. Wenye kuijua barabara watasema nilipitiliza mbali bila sababu. Nyinyi hamkuwa na baridi ile.

Bungoma, kwa wifi

Wifi Mwanaidi anakaa karibu na msikiti, na akisikia wageni hupika kama ana arusi. Pilau ya mbuzi, kachumbari, ndizi za kuiva. Salha hali chakula kilichochanganywa. Alitoa nyama upande mmoja, viazi upande mwingine, akaonja wali, akauweka. "Ina chumvi nyingi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanaidi akageuza uso kwangu. "Wifi, huyu mtoto umemdekeza. Mmemsomea Kurani lakini? Kuna ustadhi hapa mzuri sana." Nikasema tumesomewa, tumepimwa, tumeshauriwa, na sasa tunakula tu. "Basi niachie mimi," akasema. "Akae hapa mwezi mmoja. Nitamnyoosha."

Salha akainua kichwa. "Mwezi unaanza siku gani, shangazi?"

Mwanaidi alikuwa na tonge njiani. Akalirudisha. "Aaa, mwanangu, nilikuwa nasema tu."

"Kwa hivyo si mwezi."

"Si mwezi, mama."

Salha akaendelea kutenganisha viazi. Mawifi mnawajua: asubuhi nilikuta Mwanaidi ameshafua dera la Salha lililojaa tope, amelikausha kwa pasi, na amefunga chapati kavu bila kitu ndani, kila moja kwenye karatasi yake.

Tukinywa chai ya asubuhi nilijaribu kumtayarisha mwanangu. "Salha, pengine Cherop amesahau."

"Alisema."

"Watu husahau."

"Mimi sijasahau," akasema.

Cheptais

Tulifika siku ya soko. Salha ndiye aliyemwona kwanza, amesimama nyuma ya chungu ya vitunguu, amefunga kitambaa cha kijani. Cherop alipotuona, mkono ulimwenda kifuani.

"Woi! Mama Salha! Ni nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema.

"Mvua ya Kitale imeisha," akasema Salha. "Nimekuja kula kuku."

Cherop akanitazama. Mimi nikatazama vitunguu. "Kuku gani?" akauliza.

Kisha akakumbuka. Nilimwona akikumbuka, akafunika mdomo. "Salha. Mimi nilisahau. Kabisa, kabisa."

Nilingoja ile sauti. Nilikuwa nimeshajiandaa, leso mkononi, nimeshachagua hata pa kumkalisha. Salha akasema, "Ulisahau. Sasa umekumbuka." Hakukasirika. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi, katikati ya soko, na wauza vitunguu wakadhani ni vitunguu.

Cherop alimwachia mwenzake biashara akatupandisha kwao, nyumba ya udongo kwenye mteremko, mama yake amekaa nje kwenye kiti na blanketi magotini. Njiani aliniambia laini yake ya simu ilipotea. Alicheka sana, hakumcheka Salha, alicheka tu kwa kuwa tupo. Woga wangu ukaanza kulegea. Akakamata kuku, jogoo mwekundu, akampigia simu mzee mmoja Mwislamu anayeuza viatu vya mitumba pale sokoni. Cherop aliishi Kitale, alijua kwamba kuku wetu lazima achinjwe na mtu wetu.

"Anakuja kuchinja," akasema.

"Ulisema wewe utanichinjia," akasema Salha.

"Salha, Cherop akichinja yeye sisi hatuwezi kula," nikamwambia.

"Kwa nini alisema?"

Akauliza tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa imepanda na mikono imeanza kupiga mapaja. Cherop, kisu mkono mmoja, jogoo kwapani, akachanganyikiwa. "Salha, hiyo maneno si mimi nilipanga! Mama yako ndiye aliniambia nikuambie hivyo ndio uachilie lori! Si ni kweli, Mama Salha?"

Alijuta kabla hajamaliza, nilimwona. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Salha hatazami watu machoni. Siku hiyo alinitazama. "Ni kweli?"

Wallahi uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Nikasema, "Ni kweli."

"Ulijua hakuna kuku?"

"Nilijua hakuna kuku."

Akaziba masikio yake, akaenda kukaa chini kando ya mama yake Cherop, akanipa mgongo. Nilikuwa nimeogopa siku mbili nzima kwamba angempoteza Cherop. Halikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kupotea mimi.

Mzee wa viatu alifika akitweta, hakuuliza lolote, akapiga bismillahi. Cherop ndiye aliyeshika miguu ya jogoo. Baadaye akamwendea Salha akachuchumaa. "Maneno ilikuwa ya mama yako. Lakini kuku ni yangu, na miguu nimeshika mimi."

Salha akainua kifuniko kimoja. "Ameshachinjwa?"

"Ameshachinjwa."

Akala. Paja zima na ugali, mchuzi pembeni. Mzee naye akakaribishwa, akala, akashuka sokoni kwenye viatu vyake. Kisha Cherop akatoa maharagwe, wakakaa wawili wale wakachambua kama zamani, mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Mimi nilikaa na yule mama mgonjwa. Hakuwa na Kiswahili kingi, nami sina lugha yake. Kila baada ya muda aliniambia "chai", nikanywa.

Tulipoaga, Cherop alisema, "Mwezi wa kwanza, nikimaliza kitunguu, nitakuja Kitale kukuona."

"Mama amekuambia useme?" akauliza Salha.

Cherop hakunitazama. "Hapana. Hii ni yangu."

Kurudi

Garini nilimwambia Salha tungefika Chwele saa tisa. Akamgeukia dereva. "Tutafika Chwele saa tisa?" Dereva akasema saa tisa hivi. Ndipo akatulia. Nilidhani ni mazoea tu ya njiani. Bungoma nilimwambia gari la Kitale ni lile la buluu. Akaenda akamwuliza mpiga debe. Nilimnunulia maji nikasema ni baridi, akayashika kwanza.

Tumerudi nyumbani, na bado. Nikisema leo ni Jumanne, anavaa viatu, anavuka barabara hadi dukani kwa Mzee Abdi. "Mama anasema leo ni Jumanne." Mzee Abdi anadhani ni mchezo, anajibu kwa furaha kwamba ni kweli, na Salha anarudi akiwa ameridhika. Nikisema chakula kiko tayari, anafunua sufuria. Hana hasira nami. Anakaa karibu nami kama zamani, anakula mkate wangu, ananiletea kuni. Hachukui tu neno langu bila shahidi. Inaniuma, nawaambia wazi. Wengine wenu mmesema atasahau. Huyu ni Salha.

Sasa mwezi wa kwanza umeingia na unakwenda. Namba mpya ya Cherop ninayo. Nimepiga mara mbili, inaita, haishikwi.

Jana jioni nilikuwa nakunja samosa Salha akasimama mlangoni mwa jikoni. "Cherop atakuja?"

Inshallah ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mnajua nitumiavyo inshallah, Mungu anisamehe, pale ninapotaka kusema hapana na sina ujasiri. Nikaimeza.

"Sijui, Salha," nikamwambia. "Nimempigia mara mbili, hajashika. Sijui kama atakuja."

Alibaki pale akifikiri. Nikaendelea kukunja, nikingoja nisikie akitafuta viatu vyake aende kwa Mzee Abdi.

Hakwenda. Alivuta kigoda, akakaa.